Uchakavu wa kununua: Mtindo wa jinzi zilizopauka ulivyowaangamiza vijana Uturuki

MNAMO Aprili 2017, kampuni ya maduka ya Nordstrom nchini Marekani ilizua gumzo ilipoanza kuuza suruali ya jinzi iliyopakwa matope bandia. Bei yake ilikuwa dola 425, zaidi ya Sh40,000 kwa thamani ya wakati huo. Mteja hakuhitajika kulima, kuchimba mtaro wala kulala chini ya gari bovu ili aonekane mtu wa kazi. Alihitajika kulipa tu.

Miaka mitano baadaye, Oktoba 2022, suruali nyingine ya jinzi ilipigwa mnada katika jimbo la New Mexico. Hii ilikuwa ya kampuni ya Levi Strauss, iliyoshonwa katika miaka ya 1880 na kupatikana ndani ya mgodi uliotelekezwa. Bado ilikuwa na madoa ya nta ya mishumaa, taa ya wachimbaji wa enzi hizo. Ilinunuliwa kwa zaidi ya dola 76,000.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika biashara ya jinzi methali hiyo imepinduliwa. Kinyemi ni kilichochakaa, na kadiri kinavyoonekana kupitia misukosuko ndivyo bei inavyopanda. Tofauti ni kwamba uchakavu wa suruali ya mgodini uliletwa na jasho la aliyeivaa, ilhali uchakavu wa suruali ya dukani huletwa na mtu mwingine asiyejulikana, ndani ya karakana, kabla mnunuzi hajaiona.

Mtu huyo asiyejulikana ndiye kiini cha makala haya. Mjadala kuhusu iwapo mtu anunue jinzi iliyopaushwa kiwandani au anunue ngumu aivae mwenyewe hadi ipauke huchukuliwa na wengi kuwa mchezo wa vijana wapenda mitindo. Lakini historia ya miaka 20 iliyopita inaonyesha kuwa mtindo huo uliwahi kugharimu maisha ya watu, na kwamba nchi inayotaka kujijenga kwa viwanda vya mavazi, kama Kenya, haina budi kuielewa historia hiyo.

NILI ISIYOFIKA KIINI

Siri ya jinzi imo katika rangi yake. Nyuzi za pamba hutiwa nili, rangi ya buluu iliyokuwa ikitengenezwa kutokana na mimea hadi kampuni ya BASF ya Ujerumani ilipoanza kuuza nili ya kiwandani mwaka wa 1897. Tofauti na rangi nyingine nyingi, nili haizami hadi ndani ya uzi. Hukaa juu juu kama ganda, na kiini hubaki cheupe.

Kwa sababu hiyo, kila mahali kitambaa kinaposuguliwa, ganda hilo hubanduka na weupe ukajitokeza. Magoti hupauka kwa kupigwa, mapaja hupata mistari penye mikunjo, na mfuko huacha alama ya pochi au simu iliyokaa humo kwa miezi. Hakuna watu wawili wanaoketi, kutembea na kufanya kazi sawasawa. Jinzi iliyovaliwa na mmoja tangu ikiwa mpya hugeuka kuwa kumbukumbu ya mwili wake na shughuli zake.

Levi Strauss na fundi cherehani Jacob Davis walipopewa hataza ya suruali yenye vifungo vya shaba mnamo Mei 20, 1873, hawakuwa wakifikiria urembo. Walitaka nguo isiyopasuka mifukoni upesi, ya wachimbaji madini na vibarua. Jinzi zao ziliuzwa zikiwa nyeusi kwa nili, ngumu kama turubai. Aliyeinunua ndiye aliyeilainisha kwa kuivaa.

Mambo yalibadilika baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Filamu za Marekani ziliitoa jinzi mgodini na kuifanya sare ya vijana waasi. Kufikia miaka ya 1960, jinzi iliyopauka ilikuwa ishara kwamba mwenyewe ameishi, amesafiri, amekataa suti ya babake. Ishara ya namna hiyo ikishapata wateja, soko halisubiri miaka miwili ili magoti yapauke yenyewe.

Hivyo basi, katika miaka ya 1970 na 1980, viwanda vilianza kufua jinzi katika mashine kubwa pamoja na mawe mepesi ya volkano ambayo huzigonga na kuzisugua hadi zilainike. Baadaye vikaja vimeng'enya, vinavyokula utando wa juu wa pamba na kupunguza haja ya mawe. Wengine walitumia msasa, wakiwaajiri vibarua kusugua mapaja ya suruali moja baada ya nyingine siku nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtindo wa jinzi iliyopauka mapajani na kubaki nyeusi pembeni uliposhika kasi Ulaya na Marekani, mbinu moja ilizipiku nyingine kwa urahisi na wepesi wake. Mbinu hiyo ilikuwa mchanga.

MCHANGA NDANI YA KARAKANA

Kazi yenyewe haikuhitaji ujuzi mwingi. Kibarua alishika mpira uliounganishwa na mtambo wa kusukuma hewa, akaurushia mchanga kwa kasi kwenye suruali iliyotandazwa mbele yake. Kwa muda mfupi nili ilibanduka na paja likapauka. Mtambo ulikuwa wa bei nafuu, mchanga ulikuwa wa bei nafuu zaidi, na kibarua alikuwa wa bei nafuu kuliko vyote.

Uturuki ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza katika kushona jinzi za soko la Ulaya. Viwanda vikubwa viligawa kazi hiyo kwa karakana ndogo ndogo jijini Istanbul, nyingi zikiwa hazijasajiliwa. Vijana wa kiume walitoka katika vijiji maskini vya mashariki mwa nchi, kama vile vya mkoa wa Bingöl, wakaja kutafuta riziki. Wengi walikuwa matineja. Walifanya kazi katika vyumba visivyo na madirisha ya kutosha, wakiwa na vitambaa tu puani, na baadhi yao walilala humo humo usiku.

Walichokuwa wakivuta ni vumbi la silika. Mchanga wa kawaida unapogonga kitu kwa kasi huvunjika na kuwa chembechembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Chembechembe hizo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu na kukwama. Mwili hujaribu kupambana nazo, na matokeo yake ni makovu yanayoyafanya mapafu kuwa magumu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna tiba ya kuuondoa. Humfanya mgonjwa awe rahisi kushikwa na kifua kikuu, na huendelea kuenea hata baada ya mtu kuacha kazi.

Kwa mchimbaji madini, silikosisi aghalabu huchukua miaka 10, 20 au zaidi kujitokeza. Kwa vijana wa jinzi ilichukua miaka michache tu, kwa kuwa vumbi lilikuwa jingi kupita kiasi na vyumba vilikuwa vimefungwa.

Madaktari wa Uturuki walitangaza visa vya kwanza katika jarida la kitabibu mwaka wa 2005. Wagonjwa walikuwa vijana wawili ambao hawakuwa wametimiza umri wa miaka 20. Daktari Metin Akgün wa Chuo Kikuu cha Atatürk mjini Erzurum na wenzake waliwapima watu 145 waliowahi kufanya kazi hiyo, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka wa 2008 yalionyesha kuwa 77 walikuwa na dalili za silikosisi kwenye picha za eksirei. Kwa wastani walikuwa wamefanya kazi hiyo kwa takriban miaka mitatu pekee.

Watafiti hao waliwatafuta tena miaka minne baadaye. Tisa kati ya wale 145 walikuwa wamefariki, wastani wa umri wao ukiwa miaka 24. Miongoni mwa waliopimwa upya, waliokuwa na ugonjwa walikuwa asilimia 95.9. Hii ina maana kwamba karibu kila kijana aliyeushika mpira ule alikuwa amejitia kitanzi bila kujua.

Madaktari walikadiria kuwa kati ya watu 8,000 na 10,000 walipitia kazi hiyo nchini Uturuki. Idadi kamili haikujulikana, kwa sababu wengi hawakuandikishwa popote. Mtu asiyekuwa na barua ya ajira wala bima hana pa kuanzia anapotaka fidia. Karakana zilipofungwa, waajiri walitoweka na vibarua wakarudi vijijini na mapafu yao.

La kuhuzunisha zaidi ni kwamba hatari hiyo haikuwa ngeni. Mamia ya vibarua walikufa kwa vumbi la silika baada ya kuchimba njia ya maji ya Hawks Nest katika jimbo la West Virginia, Marekani, kuanzia mwaka wa 1930. Uingereza ilipiga marufuku matumizi ya mchanga wa silika katika kusafisha vyuma kwa kanuni za mwaka wa 1949. Kilichokuwa kimekatazwa kwenye vyuma vya Ulaya kiliruhusiwa kwenye nguo za Wazungu hao hao, mradi kifanyike mbali na macho yao.

MARUFUKU ILIYOHAMISHA TATIZO

Baada ya wagonjwa, madaktari na wanaharakati kuungana na kupaza sauti, serikali ya Uturuki ilipiga marufuku kazi hiyo mwaka wa 2009. Mwaka wa 2011 sheria ilirekebishwa ili wagonjwa wasiokuwa na bima nao wapate malipo ya ulemavu. Huo ulikuwa ushindi, ijapokuwa ulikuja wengine wakiwa tayari kaburini.

Kampuni nazo zilianza kujitenga na mchanga. Septemba 2010, Levi Strauss na H&M zilitangaza kwa pamoja kuwa hazitakubali tena jinzi zilizopaushwa kwa njia hiyo. Kampuni nyingine zenye majina makubwa zilifuata, baadhi baada ya kushinikizwa na muungano wa watetezi wa wafanyakazi wa viwanda vya nguo, Clean Clothes Campaign.

Hata hivyo, tangazo la makao makuu na hali ya kiwandani ni mambo mawili tofauti. Ripoti za watetezi hao kuhusu Bangladesh mwaka wa 2012 na kuhusu China mwaka wa 2013 zilionyesha kuwa mchanga ulikuwa bado ukirushwa licha ya marufuku ya wanunuzi. Sababu si ngumu kufahamu. Mnunuzi alikataza mchanga lakini hakuacha kuagiza suruali yenye sura ile ile, kwa bei ile ile, na kwa muda ule ule mfupi. Mwenye kiwanda aliachiwa atafute njia yake.

Penye katazo la mchanga, viwanda vingi viligeukia kemikali, hasa potasiamu pamanganeti, inayonyunyiziwa mapajani ili kuiua nili. Nayo huwasha ngozi, macho na njia ya hewa endapo kibarua hana vifaa vya kujikinga. Maji yanayotoka viwandani nayo yana hadithi yake. Mji wa Xintang nchini China na wa Tehuacán nchini Mexico imewahi kutajwa duniani kote kwa sababu ya mifereji na mito iliyogeuka buluu.

Suluhisho linalosifiwa zaidi kwa sasa ni miale ya leza. Badala ya mchanga au kemikali, mwanga huunguza nili kwa kufuata picha iliyochorwa kwenye kompyuta. Februari 2018, Levi Strauss ilitangaza mpango wa kutumia leza kwa jinzi zake na kusema kuwa suruali moja ingekamilika kwa takriban sekunde 90, kazi ambayo kibarua mwenye msasa alikuwa akiimudu suruali mbili au tatu tu kwa saa.

Bila shaka leza ni afueni kwa mapafu. Lakini ina maswali yake. Mashine inayofanya kwa sekunde 90 kazi ya dakika 20 haiwahitaji vibarua wengi, na bei yake haiko ndani ya uwezo wa karakana ndogo. Kiwanda kisichoimudu kitabaki na msasa na kemikali, au kitarejea gizani kwenye mchanga.

SUBIRA NAYO INA BEI

Wapo wanaosema jawabu ni kurudi tulikotoka: mtu anunue jinzi mbichi, yaani isiyofuliwa wala kusuguliwa kiwandani, aivae mwenyewe. Wajapani ndio walioufufua mtindo huu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, mafundi wa Osaka na wa mtaa wa Kojima katika mkoa wa Okayama wamekuwa wakifuma na kushona jinzi kwa namna ya zamani, baadhi wakitumia vitanda vya kufumia vya kale. Wapenzi wa jinzi hizi huzivaa kwa miezi sita au zaidi kabla ya kuzifua, ili mikunjo ijichore vyema.

Jambo hilo huwashangaza wengi, ila sayansi haijalipinga. Katika Chuo Kikuu cha Alberta nchini Canada, mwanafunzi mmoja aliivaa jinzi yake kwa miezi 15 bila kuifua. Vipimo vilivyotangazwa mwaka wa 2011 vilionyesha kuwa idadi ya bakteria haikutofautiana sana na ya suruali hiyo hiyo ilipovaliwa kwa siku 13 baada ya kufuliwa. Ni kweli kwamba Alberta ni nchi ya baridi. Anayesafiri kwa matatu mjini Mombasa mwezi wa Februari asiyatumie matokeo hayo kuwakera abiria wenzake.

Hoja nzito zaidi kuhusu jinzi mbichi ni ya uimara. Mchanga, mawe, msasa na kemikali hufanya kazi moja, nayo ni kuharibu kitambaa. Suruali iliyopaushwa kiwandani imeshapoteza sehemu ya maisha yake kabla ya kuvaliwa. Iliyochanwa magotini imepoteza zaidi. Anayeinunua hulipia uharibifu huo, kisha hulipia tena suruali nyingine hii inapotatuka mapema.

Hesabu ya maji inaunga mkono hoja hii. Kampuni ya Levi Strauss ilikadiria mwaka wa 2015 kuwa suruali yake moja ya aina ya 501 hutumia lita 3,781 za maji tangu pamba inapopandwa hadi suruali inapotupwa. Asilimia 68 ya maji hayo hutumika shambani na asilimia 23 hutumiwa na mvaaji anapoifua. Kinachookoa maji mengi zaidi, basi, ni kuivaa suruali moja kwa muda mrefu ili nyingine isishonwe.

Hata hivyo, jinzi mbichi si wokovu wa kila mtu. Zile za Japani huuzwa kwa bei inayoweza kulipa kodi ya nyumba mtaani. Wengi wanaozisifu ni watu wa ofisini wanaopausha magoti kwa kuketi mbele ya kompyuta, wakitafuta nao kwa njia yao sura ya kibarua. Fauka ya hayo, nili iliyo kwenye jinzi mbichi ni ya kiwandani kama nyingine, na pamba yake imekunywa maji yale yale. Tofauti iliyo wazi ni moja: hakuna aliyelazimika kuharibu mapafu ili ipauke.

FUNZO KWA KENYA

Je, haya yanatuhusu vipi? Kwanza, Kenya ni nchi ya wavaaji. Katika soko la Gikomba jijini Nairobi na Kongowea mjini Mombasa, jinzi za mitumba hununuliwa kila siku na watu wa tabaka zote. Ndani ya robota moja utapata suruali iliyopaushwa na miaka ya mwenyewe huko ng'ambo na nyingine iliyopaushwa na mpira wa karakana, zikiwa zimelaliana. Mnunuzi hana lebo ya kumweleza ipi ni ipi, ingawa jicho kali hutambua. Uchakavu wa kweli haulingani miguu yote miwili, na hufuata mikunjo ya mwili. Wa bandia hukaa pale pale katika kila suruali, kana kwamba watu wote wana magoti mamoja.

Pili, na hili ndilo kubwa, Kenya ni nchi ya washonaji. Tangu Sheria ya AGOA ya mwaka wa 2000 ilipofungua soko la Marekani, viwanda vya maeneo maalumu ya EPZ, vikiwemo vya Athi River, vimeshona mavazi ya kuuzwa huko, jinzi zikiwemo. Serikali zilizofuatana zimeahidi kupanua sekta hii, kutoka shamba la pamba hadi vazi lililokamilika. Ni ahadi njema, kwani wengi wanaoajiriwa humo ni vijana na akina mama wanaohitaji kazi.

Lakini jinzi haikamiliki kwa kushonwa. Hukamilika inapofuliwa, kulainishwa na kupaushwa, na ni hapo penye faida kubwa na hatari kubwa. Nchi inayoitaka faida hiyo lazima iulize mapema kazi hiyo itafanywa na nani, kwa mbinu gani, na maji machafu yataelekezwa wapi. Mto Athi haukomi Athi River. Huenda ukawa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Kinachomwagwa bara hunywewa na mifugo na watu njiani kabla ya kufika Pwani.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini na ile ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini zote ni za mwaka wa 2007. Kanuni za ubora wa maji pia zipo. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na ya ajira yenye haki. Uturuki nayo haikukosa sheria za kazi wakati vijana wake walipokuwa wakivuta mchanga. Ilichokosa ni mkaguzi wa kubisha kwenye mlango wa karakana isiyo na jina.

Kwa hiyo, mambo matatu yanafaa kutiliwa mkazo. Serikali iweke wazi, kwa maandishi, kwamba kupausha nguo kwa mchanga hakutaruhusiwa nchini, bila kungoja mgonjwa wa kwanza. Ukaguzi usiishie kwenye lango la kiwanda kikubwa chenye bendera na walinzi, bali ufuate kazi inapogawiwa vibarua wa nje. Na kila kibarua wa kazi za vumbi aandikishwe, apimwe mapafu anapoanza na anapoondoka, ili siku akiugua asiambiwe hakuna ushahidi kwamba aliwahi kufanya kazi hapo.

Mvaaji naye ana nafasi yake. Si lazima anunue jinzi ya Japani. Ile nyeusi, nzima na imara iliyoko kwenye kibanda cha mitumba inatosha. Akiivaa kwenda kazini, kanisani au msikitini, mashambani na matangani, itapauka yenyewe kwa wakati wake, na kila alama itakuwa yake.

Uzuri wa mkakasi, wasema Waswahili, ndani kipande cha mti. Ndani ya baadhi ya suruali zilizopendeza mno miaka ile mlikuwa na vumbi lililomaliza pumzi ya kijana wa miaka 24 katika kijiji cha Bingöl. Hakuwahi kumjua aliyeivaa, na aliyeivaa hakuwahi kumjua yeye.